Mimba Haiko Mzigo ya Binti Peke Yake



Mumezoea kutusikia tukidai maji, umeme na barabara. Leo tunasema jambo ambalo nyumbani linasemwa kwa sauti ya chini: dada zetu wanashika mimba wakiwa bado shuleni. Binti anarudishwa nyumbani, kijana aliyemupa mimba anabaki darasani. Kartiye nzima inasema: "Ni yeye njo alitaka." Sisi tunakataa.

Sheria iko wazi. Tangu tarehe 20 Julai 2006, mtu mzima anayelala na mtoto asiyefikisha miaka 18 anahesabiwa amebaka, hata kama alimupa simu, pesa ama ahadi ya ndoa. Sheria ya familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, inakataza ndoa mbele ya miaka 18, kwa binti na kwa kijana. Basi wazazi wetu, kupatana kwa siri na kupokea ng'ombe hakufuti kosa. Mtoto wenu ndiye anayelipa ng'ombe ile.

Na wewe kaka: kifungu cha 591 cha sheria hiyo kinasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, awe amezaliwa ndani ya ndoa ama inje. Hata ukikimbilia machimbo ya Kamituga, uko baba. Mwandikishe mtoto mbele ya siku 90 kuisha, ni bure.

Tuseme na ya mwili. Nyonga za binti mdogo hazijakomaa. Uzazi ukikwama bila musaada, anaweza kupata fistula, mukojo ukatoka bila yeye kuweza kuuzuia. Hospitali ya Panzi inapasua wamama na mabinti wenye shida hiyo tangu miaka mingi. Kwa hiyo binti mwenye mimba asifichwe chumbani: apelekwe kupimwa mapema, na aendelee mpaka kuzaa.

Aliyebakwa afike hospitali mbele ya saa 72, apewe dawa za kuzuia SIDA. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kusaidia mpaka siku ya tano, lakini kadiri anavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Na kapoti, wandugu, haiko ya wahuni. Ni ya watu wenye kufikiri.

Tunaomba mambo matatu. Shule zimuache binti mwenye mimba amalize masomo, na somo la elimu ya maisha lifundishwe kweli, lisirukwe kwa haya. Vituo vya afya vipokee vijana bila matusi na bila kupeleka siri zao kwa majirani. Wazazi waongee na watoto wao, wavulana pia, mbele barabara haijawafundisha.

Kuzaa si mchezo, na kulea ni kazi ya watu wawili. Tuanzie kwetu, kila mtu kwenye avenue yake. Mapambano yanaendelea!