Kamera ya Kompyuta ya Chama Isipoonyesha Picha

Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika, Masasi na Newala



Kwa miaka mingi vyombo vya kazi vya katibu wa chama cha msingi vilikuwa mizani, daftari, kalamu na muhuri. Vyombo hivyo havijatupwa, wala havifai kutupwa. Lakini tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika zao la korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, hesabu za mkulima zimezidi kuhama kutoka katika karatasi na kuingia katika kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeleta Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, uitwao kwa kifupi MUVU. Na katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho iliendeshwa kwa njia ya kielektroniki chini ya Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kwa hiyo kompyuta mpakato iliyo juu ya meza ya katibu si pambo la ofisi. Ni mali ya wanachama, nayo imenunuliwa kwa jasho la mikorosho yao.

Maelezo haya yanahusu sehemu moja ndogo ya chombo hicho, nayo ni kamera iliyojengwa juu ya kioo. Kamera hiyo ndiyo inayomwezesha katibu wa kijiji kilichoko juu ya uwanda wa Makonde kukaa kikao na ofisi ya Chama Kikuu pasipo kusafiri, akaonekana uso wake na akaonyesha karatasi anayoizungumzia.

Siku moja kikao hufunguliwa, wenzake wanasikika, lakini mahali pa sura yake pana weusi mtupu. Hapo ndipo hasara inapoweza kuanza. Katibu huamini kwamba kamera imekufa. Kompyuta hutiwa katika mfuko, hupakiwa pikipiki, na huteremshwa kutoka Newala hadi Masasi mjini kwa fundi. Nauli hulipwa, siku ya kazi hupotea, ujira wa fundi hulipwa, na huenda fundi akabonyeza kitufe kimoja tu na picha ikarudi. Fedha iliyotumika si ya katibu, wala si ya kamati. Ni ya wanachama.

Jambo la kushikwa ni hili: kamera isiyoonyesha picha mara nyingi haikuharibika, bali imefungwa. Baina ya jicho la kamera na picha inayoonekana kiooni ipo milango kadhaa, na mmoja tu ukifungwa, picha haipiti. Yafaa milango hiyo ikaguliwe mmoja baada ya mwingine, kuanzia ule usiogharimu kitu.

Kipimo cha kuanzia

Kabla ya yote, katibu na afunge programu ya kikao, kisha afungue programu ya kamera iliyomo ndani ya Windows yenyewe, ambayo huandikwa "Camera". Ikiwa picha inaonekana humo, basi kamera ni nzima, na kasoro iko katika programu ya kikao au katika ruhusa zake. Ikiwa haionekani hata humo, ukaguzi uanzie nje na kuingia ndani.

Mlango wa kwanza: jicho lenyewe

Kompyuta nyingi za siku hizi zina kifuniko kidogo cha kutelezesha mbele ya kamera. Ni kidogo kuliko ukucha, na mtu asiyekijua aweza kukisukuma wakati wa kupangusa kioo. Dalili yake ni kwamba taa ndogo ya kamera huwaka lakini picha ni nyeusi. Kifuniko hicho si adui. Ni vyema kifungwe baada ya kila kikao, ili mradi katibu anajua kipo na anakumbuka kukifungua.

Ikiwa picha ipo lakini ina ukungu, aghalabu ni uchafu. Katika wilaya za korosho, mbali na vumbi jekundu, iko salfa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho ili kuzuia ubwiri unga. Pale ambapo mifuko ya salfa huwekwa chumba kimoja na meza ya katibu, unga wake mwembamba hutua juu ya kila kitu. Salfa haiishii kutia ukungu katika jicho la kamera, kwani ikipenya ndani hula shaba ya maungio ya umeme. Jicho lipanguswe kwa kitambaa laini kikavu, pasipo maji wala petroli, na salfa itafutiwe chumba chake.

Mlango wa pili: kitufe

Katika kompyuta nyingine, safu ya juu ya kibodi ina kitufe chenye alama ya kamera, mara nyingi ikiwa imekatwa kwa mstari. Kitufe hicho hubonyezwa peke yake au pamoja na kile kilichoandikwa "Fn". Kompyuta nyingine huwa na swichi ndogo ubavuni. Kidole kikigusa hapo kwa bahati mbaya, kamera huzimwa, na katika baadhi ya mashine kompyuta itatangaza kwamba haina kamera kabisa. Tangazo hilo huwatisha wengi na kuwapeleka kwa fundi, ilhali dawa yake ni kubonyeza mara moja.

Mlango wa tatu: programu inayoishikilia kamera

Kwa kawaida kamera hutumikia programu moja kwa wakati mmoja. Ikiwa kikao cha asubuhi kilifanyika kwa programu moja na haikufungwa sawasawa, kikao cha mchana kwa programu nyingine kitakosa picha. Programu zote na zifungwe, kisha kompyuta iwashwe upya.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Katika Windows 10 na Windows 11, kuzima kompyuta na kuiwasha si sawa na kuiwasha upya. Mara nyingi mashine inapozimwa huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwahi kuwaka baadaye, na kasoro iliyokuwamo yaweza kuhifadhiwa pamoja nayo. Ndiyo maana yapasa kuchaguliwa neno "Restart", wala si "Shut down".

Mlango wa nne: ruhusa

Windows haimruhusu kila mtu kutazama kwa jicho la kamera. Katika Windows 11 hufunguliwa "Settings", kisha "Privacy & security", kisha "Camera"; katika Windows 10 sehemu ya kati huitwa "Privacy" tu. Humo ruhusa ziko za namna mbili: ruhusa ya kompyuta nzima, na ruhusa ya kila programu. Ya kwanza ikifungwa, za pili hazina nguvu, kama vile ghala likifungwa kwa kufuli kubwa hakuna awezaye kufikia stoo ya ndani.

Kikao kinachofanyika ndani ya kivinjari cha intaneti kina ruhusa yake zaidi. Karibu na mahali inapoandikwa anwani ya tovuti hutokea alama ndogo ya kamera au ya kufuli. Katibu aliyewahi kubonyeza "Block" siku za nyuma atakuta tovuti hiyo inaendelea kukatazwa hadi ruhusa ibadilishwe. Baadhi ya programu za kukinga virusi nazo huzuia kamera, na yafaa mipangilio yake itazamwe.

Mlango wa tano: programu kiendeshi

Kila kifaa kilichomo ndani ya kompyuta huongozwa na programu ndogo iitwayo kiendeshi. Orodha ya vifaa hupatikana kwa kubonyeza pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi X, kisha kuchagua "Device Manager". Kamera itatafutwa chini ya neno "Cameras" au "Imaging devices". Ikiwa jina lake lina kishale kinachotazama chini, kamera imezimwa, na yatosha kubofya jina hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua "Enable device". Ikiwa lina alama ya njano yenye mshangao, kiendeshi kina kasoro. Hapo kamera huondolewa katika orodha kwa "Uninstall device", na kompyuta ikiwashwa upya, aghalabu Windows huitambua na kuiwekea kiendeshi tena.

Kiendeshi kikihitajika kutoka nje, kichukuliwe katika tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta hiyo, wala si kwingineko. Ziko tovuti zinazojitangaza kwamba hutengeneza viendeshi vyote bure, na programu zao zaweza kubeba virusi. Kompyuta yenye hesabu za wakulima si mahali pa kujaribia vitu vya namna hiyo.

Ikiwa kamera imeharibika kweli

Baada ya milango hiyo mitano, zipo dalili mbili za uharibifu wa kweli. Ya kwanza ni kamera kutoonekana kabisa katika orodha ya vifaa, hata baada ya kitufe kukaguliwa na mashine kuwashwa upya. Ya pili ni picha kuja na kupotea kila kioo kinapoinuliwa au kulazwa. Kamera huunganishwa na mwili wa kompyuta kwa waya mwembamba upitao kwenye bawaba, na waya huo hulegea au hukatika kwa mitikisiko ya safari, kwa kuinua mashine kwa kushika kioo, au kwa kukifunga kwa nguvu.

Hata hapo kazi haina haja ya kusimama. Kamera ya nje huchomekwa ubavuni kama inavyochomekwa flashi, na kikao chaweza pia kufanyika kwa simu janja. Katikati ya msimu wa korosho ni afadhali njia hizo zitumike, na matengenezo yangojee minada imalizike, kuliko mashine ikae kwa fundi wakati malipo ya wakulima yanasubiri kuandikwa.

Siku ya kwenda kwa fundi

Ndugu Makatibu, ndani ya kompyuta ya chama yamo majina ya wanachama, namba zao za simu, akaunti zao za benki na kilo walizouza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Kamera yaweza kununuliwa nyingine. Siri ya mwanachama ikishatoka nje hainunuliki. Kwa hiyo kabla mashine haijatoka ofisini, yafaa mambo haya yatimizwe:

1. Kamati ikubali matengenezo, na uamuzi uandikwe katika muhtasari.
2. Kumbukumbu zote zinakiliwe katika flashi au diski ya nje, nayo ifungiwe katika kasha la chama.
3. Nywila za mifumo ya ushirika na za benki asipewe fundi kwa sababu yoyote.
4. Fundi apewe karatasi inayoeleza milango iliyokwisha kukaguliwa, ili chama kisilipie kazi iliyokwisha kufanywa.
5. Kazi ifanyike mbele ya katibu au mjumbe wa kamati. Na risiti itaje namba ya mashine na kifaa kilichobadilishwa.

Mwisho, kila chama kingefaidika kwa kuwa na daftari la mashine, kama kilivyo na daftari la mizani. Humo iandikwe tarehe ya kasoro, dalili yake, kilichofanywa na gharama iliyotumika. Kasoro ikitokea tena, katibu mpya hataanza upya. Na mwanachama akisimama katika mkutano mkuu akauliza kwa nini fedha ilitolewa kutengeneza kamera, na ni nani aliyehakikisha kwamba imeharibika, atakuwa ameuliza swali la haki, na jibu litasomwa kutoka katika daftari hilo mbele ya wote.