Mbwa na Ukanda Wake

Sheria ya mwaka 2000 ya Uingereza na Wales, iliyowafungulia raia nyika na milima mingi watembee humo kwa miguu, iliweka pia sharti ambalo baadhi ya wenye mbwa hulidharau: kwamba katika ardhi hiyo, tangu tarehe 1 Machi hata 31 Julai, mbwa afungwe ukanda usiozidi mita 2, na karibu na mifugo afungwe mwaka mzima. Miezi hiyo ndiyo ya ndege kuatamia, na sululu, kwa mfano, hatagi mtini bali chini, katika kishimo kilichotandikwa majani makavu, mayai yake ya madoadoa yakiwa hayana sitara ila nyasi. Mbwa, hata akiwa mpole wa tabia, hana haja ya kuuma ili alete madhara. Akinusanusa tu, mzazi huruka, mayai yakapoa, na kunguru, ambaye hakosi kuwapo, akapata riziki yake. Mwenye mbwa, maskini, atakuwa amekwisha pita, wala hana habari. Wako wasemao kwamba ukanda ni dhuluma kwa mnyama. Kwa rai yangu dhuluma hiyo ni hafifu, maana mbwa anayo miezi saba ya kukimbia, ilhali sululu hulea kizazi kimoja tu kwa mwaka.