Kabla ya Kununua Betri Mpya, Tazama Waya

Maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa wahudumu wa bodaboda



Nimepewa dakika chache kabla ya fundi kuanza kazi yake. Mimi nimesomea uandishi wa habari, sikusomea ufundi wa pikipiki, kwa hivyo nasimama hapa upande wa abiria. Abiria anataka pikipiki iwake pale inapotakiwa kuwaka.

Ile sauti mnaijua. Unabonyeza stata, taa inafifia, chini ya kiti panalia tik, tik, tik, halafu kimya. Mchana hapa Ukunda ni kichekesho. Wenzako watakutania, watakusukuma, utaondoka. Lakini saa nane usiku, ndani kabisa huko Kinango au Lunga Lunga, nyuma yako ameketi mama mwenye uchungu anayetakiwa kufikishwa hospitali ya Msambweni, nani atacheka? Mtaniambia kiki ipo. Kiki ya pikipiki ngapi hapa inafanya kazi leo? Msinijibu, naona mnavyotazamana.

Kinachofuata kwa kawaida ni kununua betri. Pesa ya siku kadhaa inakwenda. Betri mpya inawasha vizuri wiki mbili tatu, kisha tik tik inarudi, na mwenye duka anaambiwa kauza betri feki. Feki zipo, hilo silikatai. Ila kuna mshukiwa mwingine ambaye hakuna anayemuuliza: ule waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye stata, na mwenzake unaorudi kutoka kwenye injini.

Betri yetu ni ya volti 12. Taa ya mbele ya wati 35 huvuta kama ampea 3 tu. Mota ya stata ya pikipiki hizi za cc 100 hadi 150 huvuta makumi ya ampea kwa zile sekunde chache. Ndiyo maana honi yaweza kulia na taa ikawaka, na bado stata ikagoma. Njia inayotosha ampea 3 haitoshi ampea 50.

Tufanye hesabu ya hizo 50. Ukinzani wa omu 0.01 pekee, ambao ni mdogo mno kuuona kwa macho, hula nusu volti. Kiungo kilicholegea au kilichojaa unga wa kijani kikifika omu 0.03, volti moja na nusu imeliwa njiani. Stata inapokea umeme uliochoka, inajikokota, na inapojikokota inaendelea kuinyonya betri. Betri mpya inavumilia kwa muda kwa sababu ina nguvu za ujana. Zikipungua, ugonjwa ule ule unaonekana tena. Tena kiungo hicho hicho kinaweza kuizuia betri isijae sawasawa unapoendesha.

Sasa kuna hili la kubadilisha nyaya na kuweka nene zaidi. Wengi mmelisikia, na wengine mmeshauziwa. Je, lina faida? Lina faida, lakini ya kiasi. Waya wa shaba wa milimita mraba 6, ukiwa na urefu wa mita moja na nusu kwenda na kurudi, hula kama volti 0.2 kwa ampea 50. Ukiweka wa milimita mraba 16, upotevu unashuka hadi chini ya 0.1. Umeokoa kama sehemu moja ya kumi ya volti, wakati kile kiungo kichafu kilikuwa kinakula moja na nusu. Kwa maoni yangu, wengi wanaosifia waya mnene walisaidiwa zaidi na fundi aliyesugua viungo na kuweka vipete vipya siku ile ile.

Pwani yetu ina chumvi hewani. Pikipiki inayolala Diani, Msambweni au Vanga inaliwa na kutu kimyakimya, na maji ya presha ya kuoshea yanaisukuma chumvi hadi ndani ya waya. Kata ganda kidogo karibu na kipete. Ukikuta nyuzi zimegeuka nyeusi au kijani, au waya umekakamaa kama fimbo, huo umekwisha. Kuusugua mwisho hakutausaidia. Hapo badilisha, na kwa kuwa unanunua, nunua mnene kidogo kuliko wa zamani.

Nunua shaba. Madukani kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu, na alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, mrudishie mwenye duka. Waya wa namna hiyo pia huwa mwepesi mkononi. Ganda nene nalo lisikudanganye, maana umeme haupiti kwenye plastiki. Kipete kibanwe kwa koleo lake maalumu. Kikigongwa kwa nyundo juu ya jiwe, baada ya mwezi mmoja wa mashimo ya barabarani kitakuwa kinacheza.

Waya unaosahaulika zaidi ni wa hasi. Umeme unaokwenda lazima urudi. Waya huo ukifungwa juu ya rangi ya fremu, ni kama hujaufunga. Sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, na ikiwezekana upeleke moja kwa moja kwenye injini. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri unasafishwa kwa maji yenye magadi kidogo, kisha unakausha, unakaza, na grisi unapaka mwisho, juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa.

Ukifungua, anza na hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Spana ikigusa fremu ukiwa unafungua chanya kwanza, utaona cheche ambazo hutazisahau. Sigara iwe mbali, betri hutoa gesi inayowaka. Waya mnene wa stata kwa kawaida hauna fyuzi ya kuukinga, kwa hivyo usipite karibu na ekzosi wala kwenye kona kali ya chuma. Na nyinyi wa spika na taa za rangi, muziki wenu tunaupenda, lakini msiuunganishe kwenye skrubu ile ile ya stata bila fyuzi.

Fundi atapima mbele yenu, na mita ya umeme ni kitu ambacho stegi moja inaweza kuchangia. Betri iliyopumzika na kujaa husoma 12.6 au zaidi, ikisoma 12.0 iko karibu kuisha. Kisha mtu abonyeze stata. Ikishuka chini ya 9.6, betri yenyewe ni ya kushukiwa. Ikibaki juu ya 11 huku stata inajikokota, umeme unapotea njiani. Hapo weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, na ubonyeze tena. Kikizidi 0.3, waya wa kurudi una kasoro. Upande wa chanya, kutoka betri hadi stata, kisizidi 0.5. Injini ikiwaka na ukaongeza mafuta kidogo, betri isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipofika hapo, shida iko kwenye kuchaji, na waya mnene hautaitibu.

Stata msiibonyeze zaidi ya sekunde tano mfululizo. Ipumzisheni.

Fundi yuko pale chini ya mwembe. Zile ambazo hazijawashwa tangu asubuhi zitangulie, na zile mlizosukuma kuja hapa mziweke mbele kabisa.