Buibui Nyumbani: Yupi wa Kuhofiwa?

Maelezo ya Idara ya Afya ya Umma kwa wakazi katika baraza



Karibu kila buibui ana sumu, kwani ndiyo anayoulia wadudu. Wanaoweza kumdhuru binadamu ni wachache. Nchini Kenya, mmoja wa kumtambua ni yule wa kahawia ambaye wataalamu humwita Latrodectus geometricus. Tumbo lake ni la mviringo, ukubwa wa punje ya njegere, na chini yake pana alama ya rangi ya chungwa kama pembetatu mbili zilizogusana ncha. Mayai yake huyafunga katika kimfuko cha mviringo chenye vijimiba pande zote. Ukikiona, jua mwenyewe yu karibu.

Hupenda kujificha chini ya viti vya plastiki, kwenye ndoo zisizotumika, kuni, matofali na viatu vya mvua. Hamfuati mtu, huuma anapobanwa. Kwa hiyo kung'uteni viatu na nguo kabla ya kuvaa, vaeni glavu mnapohamisha kuni, na fagieni chini ya viti na vitanda.

Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji, kisha weka kitambaa cha maji baridi. Usichanje, usifunge kamba, usinyonye sumu. Maumivu yakienea, misuli ikikaza, ukitoka jasho jingi, ukitapika au ukishindwa kupumua vizuri, nenda hospitalini mara moja. Mtoto mdogo, mzee au mama mjamzito asisubiri dalili hizo.

Vidonda vingi vinavyolaumiwa buibui si vyake. Msimu wa mvua, nzi wa Nairobi, ambaye kwa hakika ni mbawakawa mwekundu na mweusi, huunguza ngozi anapopondwa. Yeye haumi. Akikutua, mpulize aondoke, kisha osha mahali hapo kwa sabuni.

Tena, msiwaue buibui wote. Kandokando ya Ziwa Victoria yuko buibui mdogo arukaye, Evarcha culicivora, anayependelea kuwinda mbu wa kike walioshiba damu. Huyo hana madhara kwa watu, na mbu ndio wanaotuletea malaria.

Mwenye swali amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake au afike katika zahanati iliyo karibu.