Ndugu Yetu Anataka Kazi, Si Sadaka Tu

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa Kachibora baada ya swala ya Alasiri, kumi la kwanza la Ramadhan)



Maustadh wetu, wazazi wangu, ndugu na dada zangu. Fadhila za mwezi huu masheikh wamezieleza, tena vizuri kuliko mimi. Leo naomba nizungumze juu ya kaka yangu, na yeye mwenyewe ameniruhusu.

Kaka yangu ana ugonjwa wa baipola. Yaani kuna miezi moyo wake unazama, haogi, hataki kuonana na mtu. Halafu kuna wiki anapanda kupita kiasi: halali, anasema haraka haraka, anaahidi watu pesa ambazo hana. Katikati ya hayo ni mtu timamu kabisa na mchapa kazi. Alikuwa akiuza katika duka moja la mbegu na mbolea, na msimu wa kupanda mahindi wakulima walikuwa wakimuuliza yeye ushauri, si mwenye duka.

Miaka mitatu iliyopita Ramadhan ilipoingia, aliacha dawa ili afunge. Hakumwambia mtu. Akawa anakesha, Tarawehe mpaka Tahajjud, Tahajjud mpaka daku, na sisi nyumbani tukamsifu! Tulidhani ni ucha Mungu tu. Kabla ya Idi akawa hajalala siku kadhaa, akagawa mifuko ya mbolea bure sokoni, mali ya tajiri wake. Akapelekwa hospitali. Aliporudi, alikuta mtu mwingine amesimama pale dukani. Simlaumu sana tajiri. Lakini kaka aliniambia ugonjwa haukumvunja kama kule kuamka asubuhi bila mahali pa kwenda.

Sasa tuelewane. Baadhi ya wenye baipola hutumia dawa iitwayo lithiamu. Mwili ukikaukiwa na maji, dawa hiyo inaweza kuzidi kwenye damu ikawa sumu. Basi mtu aonane na daktari mwezi wa Shaabani, si usiku wa kuandama mwezi. Wengine hupangiwa dawa ziende na futari na daku, wengine huambiwa wasifunge, na ruhusa ya mgonjwa iko wazi katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Tena kukosa usingizi peke yake kunaweza kumpandisha mtu. Ukimwona ndugu yako anatoka msikitini baada ya Isha akalale, usimuulize imani yake imeenda wapi.

Wapo watakaosema ni jini. Mimi nimelelewa madrasa, kisomo sikikatai. Lakini Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake, ambayo aliihusisha na mwili. Zaidi ya miaka 1,000 imepita na sisi bado tunabishana.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa ulemavu au kwa hali yake ya akili. Kifungu cha 30 kinampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kila mwaka. Ni nzuri, ila wengi wetu hapa ni vibarua wasio na barua ya kazi. Nani atakwenda kortini?

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba sonona na wasiwasi hupoteza siku bilioni 12 za kazi kila mwaka. Likashauri matibabu na mipango ya kumrudisha mtu kazini viende pamoja. Hapa Kenya shirika la BasicNeeds, lililoanza mwaka 2005, lilifuata njia hiyo: kliniki, vikundi vya wagonjwa na jamaa zao, na shughuli za kujipatia riziki.

Kwetu ilikuja kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga. Alimwita kaka, wakapatana. Aanze asubuhi tatu kwa wiki, alipwe siku alizofanya. Ashike daftari, pesa asishike kwanza. Siku ya kliniki ni ruhusa, hakuna maswali. Zamu ya usiku hapana. Na kaka mwenyewe, akiwa mzima, alikubali kwamba akionekana anasema mbio na hajalala usiku mbili, mzee anipigie simu mimi. Wateja hawaambiwi kitu.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, alizama tena. Wiki mbili hakuonekana. Mzee hakuja kumhubiria, alituma ujumbe tu kwamba daftari lake lipo. Kaka akarudi, akaanza na siku mbili.

Ramadhan hii anafanya siku tano. Hafungi, daktari amemkataza. Chakula cha mchana anakila nyuma ya mashine, kwenye magunia, kwa sababu anawaogopa vijana wanaopita pale kuelekea msikitini. Hao ni sisi.