Matofaa Mautuma: Tuulize Kabla ya Kununua

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Mautuma)

Leo tunazungumza juu ya mimea migeni, hasa mtofaa, kwa sababu jambo hili limetuumiza.

Mnakijua kile kikundi cha akina mama kilichotoa pesa za mzunguko kikanunua miche 40 ya matofaa, kila mche shilingi 800. Muuzaji alikuja na picha za matunda mekundu, akaahidi mavuno mwaka wa pili. Sasa ni mwaka wa nne. Miti ni mirefu, majani ni mazuri, tofaa hata moja hakuna. Karo iliyotegemewa hapo haikupatikana. Na tukubali: sisi ndio tuliomkaribisha yule mtu mkutanoni, na hatukumwuliza swali hata moja. Kwa hiyo hatukuja kuwalaumu akina mama.

Mtofaa ni mti wa nchi za baridi. Huko, baridi kali ikifika, unapukutisha majani na kulala, na baridi hiyo ndiyo inayouandaa kuamka na kutoa maua. Aina nyingi zinataka zaidi ya saa 800 za baridi chini ya digrii 7. Sasa hapa Mautuma, hata Julai tukivaa sweta, usiku wa namna hiyo ni nadra. Mti haulali vizuri, basi hauamki vizuri.

Ziko aina zinazotaka baridi kidogo. Mbili zinazojulikana ni Anna, iliyotoka Israeli, na Dorsett Golden, iliyotoka visiwa vya Bahamas. Wakulima wa Kabale, Uganda, wamezipanda, ingawa kwao ni juu na baridi kuliko kwetu. Lakini Anna peke yake haizai vizuri. Inataka Dorsett Golden jirani, ili nyuki wabebe unga wa maua kutoka mti hadi mti.

Yule muuzaji alisema yote ni Anna. Tulipochunguza mashina karibu na udongo, hatukuona lile kovu la kuunganisha. Ilioteshwa kwa mbegu! Na mbegu ya tofaa haitoi mti kama mama yake. Unaweza kupata kitu chochote.

Jambo lingine ni majani. Kule Batu, kisiwa cha Java, Indonesia, hakuna baridi kali, lakini wanavuna matofaa mara mbili kwa mwaka. Baada ya kuvuna wananyonyoa majani yote kwa mkono, na mti unatoa maua upya. Mzee mmoja alitucheka: mtu mwenye akili ananyonyoa mti kama kuku? Mzee, ndivyo. Kwetu tungefanya kiangazi, Desemba au Januari, mti ukiwa umepita miaka miwili. Usiharibu macho yanayokaa penye kikonyo cha jani. Matawi yaliyosimama wima yavute kwa kamba na jiwe yalale, maana tawi lililolala hutoa maua zaidi. Kisha weka samadi na umwagilie maji. Kama kisima chako hukauka Januari, acha kwanza.

Wengine wanauliza, je, ile miti 40 iwe kuni? Hapana. Mizizi yake ni mizima. Inaweza kukatwa chini na kuunganishwa vikonyo vya Anna na Dorsett Golden vya kweli. Tumekubaliana na akina mama tuanze na miti 10. Ile 30 ibaki mpaka tuone.

Anayetaka kununua mpya, anunue miti miwili, mmoja wa kila aina, si 40. Asing'oe mahindi. Aende kwenye kitalu kilichosajiliwa na idara ya serikali ya mazao ya bustani, yaani HCD, aombe kuona cheti. Ashike mche, atafute kovu. Risiti iandikwe jina la aina, maana hata sisi hatukuwa na risiti ya kumfuata yule mtu, na simu yake haishiki tena.

Kazi ya kuunganisha tutaifanya pamoja hapo hapo shambani kwa akina mama. Mwenye kisu kikali aje nacho, na karatasi za nailoni za kufungia zikatwe vipande vyembamba kutoka nyumbani.