Gauni la Mtandaoni na Hesabu ya Forodha

Msikilizaji, umeagiza gauni China kwa simu, shilingi 40,000. Nauli ya meli na bima, 20,000. Ukadhani umemaliza. Sasa twende kwenye hesabu. Forodha inaanzia 60,000, nauli na bima zikiwemo. Tangu Julai 2022, ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa nyingi zilizokamilika, nguo zikiwemo, ni asilimia 35: hapo ni 21,000. Kisha VAT ya Tanzania, asilimia 18, inatozwa juu ya 81,000, yaani hata ushuru wenyewe unakatwa kodi: 14,580. Jumla 35,580, kabla ya tozo nyingine.

Wapo wanaosema ni haki. Mwenye duka Kariakoo ameshalipa ushuru huohuo, na fundi cherehani wetu naye anahitaji wateja. Hoja hiyo ina uzito, nami naikubali.

Linaloniuma ni hili: mnunuzi anaijua bei kamili mzigo ukiwa umeshafika, naye yuko dirishani. Alipe au auache.

Viwango vinajulikana. Je, nani awajibike kumwonyesha kabla hajabonyeza kulipa: muuzaji, wakala, au mamlaka ya mapato?